Mshenga Alinisingizia Vita

Mwanangu, usinichoshe. Juzi nimekusikia barazani ukiwaambia wenzako kwamba askari wetu wanaokwenda kulinda amani nchi za watu wanapoteza muda bure, eti hawapigani, wanasimama tu. Nikakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, hapa hapa Temeke, maneno kama hayo yako yalipotaka kuninyima mke.

Nilikuwa askari, nimetoka Afrika Magharibi kulinda amani. Nikamtuma ami yangu, Shomari, aende Kurasini akaniposee Mwanaidi. Enzi hizo biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, na mtaa mzima ulitaka anayetoka safari arudi na deki ya video na redio kubwa. Mie nilirudi na begi langu na malaria. Ami akaona aibu. Kule ukweni walipomuuliza kijana wenu alifanya nini huko, akawasimulia vita vya kutisha: nimeteka kambi, nimelaza watu chini kama kuni.

Akarudi uso umemshuka. "Mama mtu kakataa," akaniambia. "Anasema hampi mwanawe muuaji."

"Ami, nani alikwambia nimeua?"

"Sasa ningesema nini? Kwamba ulikuwa mlinzi? Si wangedhani umelinda geti la godauni!"

Jamani! Nilitamani kulia. Miezi yote ile nilisimama darajani, katikati ya makundi mawili yenye bunduki, ili akina mama wa kule wavuke kwenda sokoni, na sikumpiga mtu risasi. Sikuwa na kingine cha kujivunia, na ami yangu mwenyewe kaninyang'anya.

Nikaenda Kurasini mwenyewe, ingawa posa haiendi hivyo. Nikamkuta Bi Tatu, mama yake Mwanaidi, anachambua mchele uani. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakuinua macho.

"Sie hapa maji ya bomba yenyewe hatuyaoni," akasema. "Nyie mlikwenda kuwalinda watu msiowajua kwa lipi?"

"Mama, nchi za matajiri zilileta magari na mahema. Pale darajani tulisimama sie, na wenzetu wa nchi zenye hali kama yetu. Tungeondoka, wale akina mama wangevuka na nani?"

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Uliogopa?"

"Sana, mama. Kila asubuhi."

"Na hukukimbia."

"Sikukimbia."

Akaweka ungo chini. "Mwambie ami yako arudi. Ila safari hii asiseme kitu. Akae tu."

Ndivyo nilivyompata mama yako, na wewe unayenichosha leo.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Ukikuta watu wanataka kuumizana, usiulize wewe una nini hata uende kuwasaidia. Kusimama katikati yao hakuhitaji utajiri, kunahitaji mtu asiyekimbia, na watu hao nchi yetu inao. Na ukirudi, sema ulichofanya vile vile kilivyokuwa, usiongeze hata kidogo. Usimcheke aliyerudi bila kuua. Mshukuru, maana kuna watu hawajui hata jina lake na leo wako hai.

Haya, rudi barazani kwa wenzako. Siku zamu yako ikifika, Mungu akupe moyo wa kusimama mahali pagumu, na akurudishe mzima kwa wanaokungoja.