Mama Mkwe Aliyeshusha Bei ya Kifo Changu

Nimewahi kukaa kwenye mkeka wa nyumba yangu nikasikiliza watu wakipatana bei yangu. Bei ya mimi kufa.

Na aliyekuwa anashusha ni mama mkwe wangu. Wala sitanii. Kaa vizuri nikusimulie.

Naitwa Bunloet, niko mjini Khon Kaen, fundi wa viyoyozi. Kazi yangu ni kuning'inia nje ya maghorofa kwa kamba. Mwaka jana mwenzangu Sutin aliteleza ghorofa ya saba. Kazini tulilia, tukachanga, tukasahau. Mkewe aliuza pikipiki, akauza friji, mwisho akauza mpaka kitanda, akarudi kijijini kwao na watoto.

Nilikiona kile kitanda kikipakiwa. Usingizi ukakata kabisa.

Nina mke, Lamduan, na binti yetu Fai wa miaka mitatu. Nikasema hapana, hawa hawatauza kitanda. Nikamwita wakala wa bima anaitwa Nok, alisoma na mke wangu. Nok akaniuliza mshahara, nikasema elfu kumi na tano kwa mwezi. Akapiga hesabu akasema, "Shemeji, wewe kata ya milioni mbili. Ukiondoka, familia inapumua miaka kumi."

Milioni mbili za baht, hela yetu ya huku! Nikajiona mtu mzito ghafla. Nikajitazama kwenye kioo mara mbili.

Kosa langu ni kumwambia mama mkwe.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu huku mwanaume ndiye anahamia ukweni. Nyumba yangu iko kwenye kiwanja cha mama mkwe, Mama Thongbai, na mlango wake unatazamana na wangu. Nikipiga mswaki ananiona.

"Milioni ngapi?" akauliza.

"Mbili, mama."

Akaweka chini kinu cha kupondea pilipili. Nikajua leo kimenuka.

"Mwanangu ulimchukua kwa laki na ishirini," akasema. "Laki na ishirini na mkufu mwembamba, ukahesabiwa mbele ya watu wote. Leo wewe ndiyo wa milioni mbili? Umemeza dhahabu?"

"Mama, ile ilikuwa mahari. Hii ni bima."

"Si hela inayotolewa kwa ajili ya mtu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi ni bei ya mtu! Kwa hiyo mwanangu ni rahisi, wewe ghali?"

Jibu la hapo? Jaribu wewe ulipate.

Akanipa mambo mawili. Ama niongezee mahari ifike milioni mbili, ama nishushe bima ifike laki na ishirini. "La sivyo," akasema, "ukisaini tu, funga mizigo uhame kwenye kiwanja changu. Fai anabaki."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi mchana wazee wakaitwa. Nakwambia ilikuwa kama siku ya kuja kuposa. Mkeka ukatandikwa, majirani wakajaa, Lamduan akaleta kuku wa kuchoma na vikapu vya wali wa kunata. Upande wangu alisimama Mjomba Kamphan, mshenga yuleyule aliyenisemea siku ya mahari. Nok alikaa katikati na kalamu yake, jasho linamtoka.

"Jamani, bima haipatanwi hivi," Nok akajaribu.

"Wewe binti kula kuku," akaambiwa.

Mjomba akaanza kuninadi. "Mwangalieni kijana. Meno yote yapo. Sigara havuti. Anapanda ukuta kama mjusi. Milioni mbili ni ya kutupa!"

"Anakoroma," akasema Mama Thongbai. "Na mvua ikinyesha anachechemea. Laki mbili."

"Laki mbili si bei ya nyati mzuri, dada yangu?"

"Nyati analima!"

Watu wakaangua kicheko. Jirani mmoja, sijui aliitwa na nani, akasema kwa macho yake naweza kwenda laki tatu nikinyolewa. Mwingine akaniambia nisimame, nigeuke. Na mimi, mjinga, nikasimama nikageuka!

Kilichonishangaza ni kwamba uchungu ulinishika kweli. Nikajikuta napayuka, "Jamani, laki tisa basi! Mimi wa laki tatu mimi?"

Lamduan alikuwa pembeni anajifunika mdomo. Sikujua anacheka au analia.

Hapo Mama Thongbai akasimama kummaliza mjomba.

"Laki tisa kwa lipi?" akasema. "Pikapu analipia nani kila mwezi? Mwanangu! Umeme? Mwanangu! Mchele, ada ya Fai, dawa zangu? Mwanangu! Hata hayo maviatu anayopandia maghorofani kanunuliwa na mwanangu. Huyu akifa leo, hapa nyumbani tutakosa nini? Kukoroma!"

Mkeka mzima ukacheka. Mjomba wangu mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa na wali.

Nok hakucheka.

"Mama, hebu rudia," akasema. "Nani analipa hivyo vyote?"

"Si nimesema? Lamduan."

Nok akamgeukia mke wangu. "Shoga, hicho kibanda chako cha kuku wa kuchoma kinakuingizia kiasi gani?"

Mke wangu akainamisha kichwa. Akaanza kukunja ncha ya sketi yake. Mimi nikataka kumsaidia, nikasema, "Ah, ile si hela ya mboga tu."

"Elfu arobaini," Lamduan akasema, sauti chini. "Kwa mwezi. Sikukuu inafika sitini."

Hata yule jirani wa laki tatu akaacha kutafuna.

Miaka mitano nilikuwa naweka bahasha yangu ya mshahara mezani kama mfalme anayegawa nchi. Aisee, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unaileta ile bahasha umechoka, na una furaha," akasema. "Ningekwambiaje?"

Nok akachana karatasi yake akaanza upya. "Jamani, tumekaa hapa tunampima mtu siye. Akiondoka Bunloet, mtalia. Akiondoka Lamduan, mtalala njaa. Kubwa akatiwe yeye. Milioni tano. Shemeji laki tano zinamtosha."

"Milioni tano!" Mama Thongbai akaruka. "Mmesikia? Mwanangu milioni tano!" Akawapita majirani mmoja mmoja akiwatajia hiyo namba, hata kiziwi wa nyumba ya pili alipigiwa kelele sikioni. Mimi wa laki tano akanibusu kichwa. Lamduan akasaini, nami nikasaini, watu wakashangilia.

Mama mkwe akarudi kwenye mkeka, akachukua paja la kuku kwa raha zake.

"Na hiyo milioni tano," akauliza huku analipeleka mdomoni, "yakitokea ya kutokea, anapewa nani?"

"Mume," akasema Nok.

Paja likasimama hewani.

Akanigeukia taratibu. Jinsi alivyoniangalia, mwizi wa kuku angeomba mwenyewe apelekwe polisi.

"Badilisha," akamwambia Nok. "Andika mimi."

"Habadilishi," akasema Lamduan. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimkatalia mama yake. "Huyu alikosa usingizi kwa ajili yetu kabla hajajua nani analipa nini. Nimemchagua mimi. Abaki yeye."

Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba. Niliwaambia nakwenda kunawa, lakini ukweli nilikwenda kulia.

Jioni hiyohiyo Mama Thongbai alivuka uwanja na godoro lake. Akalitandika mlangoni mwa chumba chetu. Mpaka leo yupo. Nikipika supu, ananilazimisha nionje kwanza, anasubiri, ananitazama machoni, ndipo mwanawe anapewa.

Nilikasirika wiki ya kwanza. Halafu na mimi nikaanza kuangalia. Kumbe mke wangu anabeba gunia la mkaa peke yake. Anavuka barabara kuu na jiko la moto mkononi. Anaendesha pikipiki bila kofia ngumu. Miaka yote hiyo, na mimi nilidhani mwenye kazi ya hatari nyumbani ni mimi!

Siku hizi mkaa nabeba mimi kabla sijaenda kazini, na kofia nimemnunulia kwa hela ya bahasha.

Wewe unayesoma, bima kata. Ila kabla hujapiga hesabu familia itakosa nini ukifa, uliza kwanza leo wanakula kwa jasho la nani. Jibu linaweza kukushusha bei, na bado ukashukuru.

Juzi tunakula, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Hakuna aliyegeuka.

Lamduan akapiga chafya moja tu. Mimi na mama mkwe tukainuka kwa pamoja, tukagongana vichwa.