Mkanda wa Shomoro

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Majasiri wa mtaa wetu miaka ile, baadhi yao tuliwapelekea chakula mahabusu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi nilikuwa na ubawa mmoja tu, mume wangu.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, Kariakoo, yeye na mimi na watoto wetu wawili. Alikuwa kuli bandarini. Ilikuwa ile miaka ya foleni, sabuni unaikata kwa uzi mgawane na jirani, sukari unaisikia harufu kwa watu. Redioni kila siku walanguzi na wahujumu, wahujumu na walanguzi, mpaka nikawa nikisikia hodi naficha hata chumvi niliyoinunua kwa halali.

Meli ya ngano ikishushwa, magunia hupasuka. Ile iliyomwagika ilifagiliwa pembeni pamoja na vumbi na mavi ya panya, ikaishia jalalani. Lakini ole wako uichukue: ni mali ya umma, na mali ya umma ilikuwa inafunga watu. Mume wangu aliileta ndani ya buti. Alitoka getini akitembea juu ya ngano, anachechemea kidogo, na mlinzi akimuuliza anasema ana kidonda. Akifika uani anavua buti, anaikung'utia kwenye ungo wangu. Mimi napepeta, naiosha, naichemsha mpaka ilainike kama bokoboko lisilo na nyama, na watoto wanalala wameshiba. Tulikuwa tunakula huku mlango umefungwa.

Pumba na punje zilizotobolewa na fukusi nilizimwaga chini ya ukuta, na ndege wakaja. Walianza shomoro, wakafuata tetere, kisha mnana wa manjano wenye kelele za Kariakoo nzima. Niliwafukuza kwa khanga nikachoka. Nyumba inayojaa ndege wakati nchi haina nafaka ni nyumba inayojitangaza, na mimi nilikuwa nawaza hivyo kila walipotua.

Ukuta kwa ukuta na sisi palikuwa na ghorofa, na juu yake aliishi mzee wa Kihindi aliyefiwa na mkewe. Ghorofa ilikuwa ya baba yake, ikataifishwa, akawa analipa kodi ya chumba alichozaliwa. Wanawe walikwisha kuhamia ng'ambo. Roshani yake ilikuwa na vifuu viwili vya nazi vilivyoning'inizwa kwa waya, kimoja cha nafaka na kimoja cha maji. Kwa desturi ya kwao hakutia kitu kinywani asubuhi kabla ndege hawajala. Halafu alikuwa na kamera ya sinema, ndogo, ya kutia ufunguo kama saa ya mezani. Aliwapiga picha ndege wake wakila, akampelekea mwanawe mikanda ikasafishwe huko huko, na mwanawe akishaitazama anairudisha kwa posta. Mkanda ulikuwa unakaa safarini miezi.

Nafaka ilipoadimika vifuu vikakauka. Ndege hawana haya, wakamhama wakaja kwangu. Mzee naye akawafuata kwa kamera. Nilikuwa namwona pale roshanini, namsalimu, naendelea kupepeta. Nilidhani anapiga vifuu vyake.

Jumapili moja alituita majirani kutazama sinema. Mume wangu alikuwa zamu, nikaenda na watoto. Ilikuwa alasiri, madirisha yamepigiliwa mablanketi, joto la kuokea mkate. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani. Sisi tulikaa mkekani, na mbele yetu, kwenye kiti pekee chenye mto, alikaa balozi wetu wa nyumba kumi. Huyo ndiye aliyekuwa anapeleka taarifa juu, nani kapata mgeni, nani anakula nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baba watoto yuko wapi?"

"Kazini, mzee."

"Kazini Jumapili," akasema, akageukia shuka.

Nikiri kwamba mwanzo ulinifurahisha. Shomoro wakubwa kama kuku walikuwa wakigombea kifuu, mmoja akimpanda mwenzake kichwani. Kunguru akaja akawatawanya wote, watu wakamzomea kama vile anasikia. Nilicheka na mimi. Kisha picha ikahama. Tukawa tunatazama chini, kama mtu aliyechungulia kutoka juu: bati, ukuta wa mawe, kamba ya nguo. Nikaona khanga kwenye ile kamba, nikawaza, mbona wenzetu nao wana khanga kama yangu. Nikaona mgongo wa mwanamke aliyeinamia ungo. Mgongo ulikuwa wangu. Kutoka pembeni ya picha yakaingia mabuti.

Sikutazama tena shuka. Nilimtazama balozi. Nilitazama kisogo chake, masikio yake, jasho lililokuwa linateremka kuingia kwenye kola, nikitafuta dalili kwamba ameona.

"Baba!" binti yangu akaruka juu. "Baba huyo! Baba huyo!"

Nilimvuta akaanguka mapajani mwangu, nikamziba mdomo. Watu wakacheka. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Hee, buti hilo au ghala?" Wakacheka zaidi, halafu kicheko kikapungua, mmoja mmoja, kadiri kila mtu alivyoelewa alichokiona. Ikabaki mashine inakereza. Nilikuwa nahesabu kichwani mwangu nani atapeleka chakula gerezani na nani atabaki na watoto.

Watoto ndio waliookoa jahazi, bila kujua. "Rudisha, babu! Rudisha!" Mzee alipenda kuwachekesha hivyo, akageuza kitufe na mkanda ukaenda kinyumenyume. Ngano ikapanda kutoka ungoni ikaingia butini, shomoro wakatema punje na kurukia juu kwa makalio. Hayo niliambiwa baadaye. Chumba kizima kililipuka kwa kicheko, cha wakubwa kikishinda cha watoto, kicheko cha watu waliopata mahali pa kujificha. Mabega ya balozi yalitikisika. Sikujua anacheka au anakohoa.

Ilipokwisha alisimama, akajifuta shingo kwa leso, akasema, "Ndege wa hapa wamenona kuliko sisi." Akatoka.

Mume wangu aliporudi nilimweleza, akasema balozi naye ana watoto. Mimi nilifunga nguo zake chache kwenye kifurushi, blanketi na mswaki, ili wakija asitoke mikono mitupu.

Kesho yake asubuhi, mume wangu ameshatoka, balozi akapiga hodi uani. Nilimpa kigoda, akakataa kukaa.

"Mama, jana nimeona ndege."

"Ndiyo, mzee."

"Ndege tu." Alisema kwa sauti ya chini, huku anatazama roshani ya juu. "Ila wiki hii kuna wageni watapita nyumba kwa nyumba. Si watu wa hapa. Wakiukuta ule mkanda wataona na mengine. Na wataambiwa nani alikaa kiti cha mbele."

Nilikuwa nimemwogopa usiku kucha, kumbe naye anaogopa, na hilo lilinitisha kuliko yote. Nikajifunga khanga nikapanda ngazi mbio.

Mzee wa Kihindi alikuwa anakunywa chai ya rangi. Nilipomweleza aliweka kikombe chini taratibu.

"Mimi nilipiga ndege tu, binti yangu."

"Najua, mzee. Lakini kitakachonifungia mume wangu kimo humo."

Hakubishana. Alitoa mkanda kwenye kopo lake, akaondoa blanketi moja dirishani, akauvuta kwenye mwanga huku kaweka lenzi jichoni. Alipofika mahali penyewe alishika mkasi, halafu akasita.

"Njoo uone kwanza. Wewe hapa umeinama, humwoni. Amesimama na buti mkononi, limekwisha mwagika, na bado anakutazama. Tazama uso wake."

"Kata, mzee."

"Kidogo tu. Chukua lenzi."

Chini barabarani gari lilisimama, mlango wake ukabamizwa. Lingeweza kuwa gari la mtu yeyote. "Nakuomba," nilimwambia, "kata."

Akakata. Nilikifunga kipande pindoni mwa khanga, nikateremka nikakitia kwenye jiko la mkaa. Hakikuwaka kama nilivyotaka. Kilijikunja, kikanuka vibaya, nikakipepea kwa nguvu mpaka kikawa tone jeusi, na tone nalo nikalisaga kwa koleo.

Wageni walipita kweli. Walichungulia uvunguni, wakatia mkono mtungini, wakauliza habari za sabuni, wakaondoka. Mume wangu hakufungwa. Hakuleta tena ngano, tulilala njaa siku nyingine, tukalea watoto wakakua. Mzee wa juu baadaye alifuata wanawe, na mikanda yake akaenda nayo. Sijuti woga wangu. Mwenye kunicheka alikuwa hajazaliwa.

Mume wangu ametangulia mbele ya haki. Ameniachia picha moja, ya kitambulisho cha kazi, amenuna kama anayedaiwa. Wajukuu wakiiona wanauliza kama babu alikuwa mkali. Lakini binti yangu, yule niliyemziba mdomo, yeye alikuwa anatazama shuka. Anasema baba yake alinitazama mgongoni muda mrefu, buti mkononi, na alikuwa anatabasamu peke yake, kama mtu asiyejua kuna njaa. Kila akija kunitembelea namwomba anisimulie tena.