Walivyoniita Mama Halufu

Kampuni niliyofanyia kazi inakoboa mpunga wa Magu na kuufunga kwenye mifuko yenye picha ya ziwa. Duka lake lipo Igogo, na mimi ndiye niliyekuwa nasimama kaunta. Nilipima, nilifunga, niliwaeleza wateja upi ni wa pilau na upi ni wa wali wa kila siku. Niliipenda kazi ile. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye watu walidai nilikuwa natafuta umaarufu, na sijui ni umaarufu gani mtu anautafuta akiwa amejaa vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi.

Kampuni ilikuwa na ukurasa mtandaoni. Binti wa bosi ndiye aliyeuendesha, na kila wiki aliweka picha ya mfuko uleule, mara umesimama, mara umelala. Walioandika chini ya picha ni wafanyakazi wenzangu wenye simu za kisasa, tena kwa kuamriwa, na mke wa bosi, ambaye aliandika "Amina" hata pale ambapo hakuna aliyeomba. Wafuasi walikuwapo wengi tu, lakini walipita kimya.

Bosi akaajiri kijana kutoka Dar es Salaam aliyesomea mambo hayo. Alikuwa na adabu, shikamoo yake ilinifikia kila asubuhi kabla sijafungua kufuli. Kwenye kikao alitueleza kwamba kazi yake ni kuwafanya watu wasipite tu. Waandike, wabishane, watumiane. Akaanza kwa kuuliza maswali: wali kwa maharage au wali kwa samaki? Watu wakapita. Akaweka salamu za Pasaka, wakapita. Akaweka shindano la kujishindia mfuko wa mchele, wakaja watu tusiowajua, wakachukua mchele na hawakuonekana tena. Bosi akawa anamwita ofisini, na akitoka huko kijana alikaa juu ya magunia, anaitazama simu yake.

Nilimwonea huruma, huo ndio ukweli. Kwa hiyo siku aliponiomba niuelezee mchele mbele ya simu kama ninavyowaelezea wateja, nilikubali. Nikafunga kitambaa changu upya, nikasimama penye mwanga, nikasema yale ninayosema siku zote: karibuni, mchele wetu unaiva haraka, na harufu yake inafika mpaka kwa jirani.

Hivyo ndivyo nilivyojisikia mwenyewe. Lakini mimi ni Msukuma, Kiswahili nilikikuta shuleni nikiwa nimeshaota meno yote, na kilichotoka mdomoni kilikuwa hiki: "Kalibuni, mchele wetu unaiva halaka, na halufu yake inafika mpaka kwa jilani."

Kijana aliitazama ile video mara mbili palepale dukani. Hakusema kitu juu ya matamshi yangu. Alisema tu kwamba nimefanya vizuri sana, akaenda zake.

Kesho yake alikuja anacheka peke yake. Akaniambia watu wameandika kuliko walivyowahi kuandika tangu ukurasa ufunguliwe, na wanatumiana kutoka mkoa hadi mkoa. "Mama, wanakupenda," alisema. Simu yangu ilikuwa kitochi, haifungui mambo hayo, na sikuona sababu ya kumwomba anisomee. Mtu akikuambia unapendwa, huombi ushahidi.

Tukawa tunapiga video kila wiki. Nilinunua kitenge kipya, nikasuka nywele. Kanisani, ambako nilikuwa miongoni mwa wasomaji wa Neno siku ya Jumapili, watu walinitazama kwa tabasamu lisilo la kawaida nilipopanda kusoma, na mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono akasema wanaye mtu wao mtandaoni siku hizi. Nilitembea nimenyooka.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mwanzoni kijana aliniacha niseme ya kwangu, lakini baadaye akaanza kuniletea maneno aliyoyaandika yeye. Rafiki wa karibu, rudi haraka, robo kilo inarahisisha ratiba. Siku nyingine akaleta habari ya birika barabarani. Nikamuuliza birika linahusiana vipi na mchele. Akajibu kwamba ni ubunifu. Nilipokuwa nasema, alikuwa akigeuza uso na kuziba mdomo, na mimi nikadhani ni vumbi la pumba limemkaba, kwa sababu si mtu wa mashineni. Nilimletea maji.

Aliyenifungua macho ni binti yangu. Anasomea uuguzi, na likizo ile alirudi nyumbani kwetu Ilemela akiwa mkimya kuliko nilivyomzoea. Siku ya tatu, tukiwa tunachambua mboga nje, aliniomba niache zile video. Nikamuuliza kama anaona aibu kuwa na mama muuza mchele. Akasema hapana.

"Basi nini?"

"Mama, hawakupendi. Wanakucheka."

Nikamwambia anisomee. Alikataa, nikashikilia, akatoa simu. Mmoja aliandika: Mama Halufu apewe maua yake. Mwingine: shule huyu alipita dirishani. Mwingine: nairudia, nikifika kwenye jilani nakufa. Mwingine alisema afadhali nauza mchele, maana ningeuza karanga wangekoma. Waliojibu hapo walikuwa wengi, wote na vikatuni vya kucheka machozi. Wengine walikuwa Wasukuma wenzangu, niliwajua kwa majina yao, na hao ndio waliocheka kwa nguvu zaidi, kama mtu anayetaka ionekane yeye hayumo. Binti yangu alisoma mpaka akafika mahali akazima simu. Alisema hilo hawezi kulisoma mbele ya mama yake.

Ndipo nikaelewa birika. Ndipo nikaelewa ratiba, na barabara, na robo. Kijana wa watu alikaa mezani akatafuta maneno ambayo ulimi wangu hauwezi kuyabeba, akayapanga mstari mmoja.

Naomba nieleweke. Najua kuandika. Ninayoandika hapa nayaandika kwa mkono wangu, na kila herufi naiweka mahali pake. Darasa la pili mwalimu alinipigisha magoti mbele ya wenzangu nirudie neno "rudi" mpaka litoke, na halikutoka, ila tangu siku hiyo hakuna neno ninalolikosea kwenye karatasi. Ni ulimi tu. Jioni ile, jua likiwa bado lipo kwenye mawe ya mlimani, niliingia ndani nikajaribu tena, mtu mzima, mbele ya kioo cha kabati. Niliacha niliposikia binti yangu analia nje.

Asubuhi nilimfuata kijana. Alinisalimia kwa shikamoo, sikuitikia. Nikamwambia nimesomewa. Nilitegemea atakataa, au aone haya. Alivuta kiti akaketi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba wanaocheka ndio wanaonunua. Alisema ametafuta sana kitu cha kuwafanya watu waongee, na hicho ndicho alichokipata, na nikinyamaza ukurasa utakufa. Kilichonikata maini si maneno yenyewe. Ni kwamba aliyasema kama mtu anayenieleza kwamba mimi na yeye tumefanya kazi nzuri pamoja.

Nikapanda kwa bosi. Huyu alitoka kijiji cha jirani na kwetu, mama yake na mama yangu walichota maji kisima kimoja. Lakini yeye alikwenda mjini mapema, akaukwangua ulimi wake, na siku hizi anazungumza kama msoma taarifa ya habari. Aliponiona nimekasirika alifunga mlango, akaniongelesha Kisukuma. Alisema hata yeye alichekwa alipokuwa kijana. Alisema oda zinatoka mpaka Dodoma na Arusha, na kwamba hakuna ubaya, watu wananifurahia. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

"Basi ongea wewe kwenye video," nikamwambia. "Ongea kama tulivyokuwa tunaongea nyumbani."

Alisogeza karatasi zake. Aliporudi kusema, alirudi na Kiswahili chake safi.

"Kila mtu ana nafasi yake, mama."

Nilirudi kaunta. Ningeondoka siku ile, lakini ada ya binti yangu ilikuwa inatoka kwenye kaunta ile, na sikutaka aache chuo kwa sababu ya ulimi wangu. Nilichosema ni kwamba video basi, na kijana akasema sawa, nikaamini yameisha.

Yakaja maonyesho ya wakulima. Kampuni ilichukua banda, na mimi nikapangwa kuuza. Nilipofika nilikuta wenzangu wamevaa fulana mpya za njano. Kifuani palikuwa na uso wangu, umechorwa midomo ikiwa wazi, na chini yake maandishi makubwa: HALUFU MPAKA KWA JILANI. Hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wameniwekea na ya kwangu, saizi yangu, imekunjwa vizuri juu ya magunia.

Sikuivaa. Haikusaidia, kwa sababu watu walinitambua tu. Walijaa mbele ya banda, simu juu, wakiniomba niseme jirani. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake begani, akamwambia msikilize bibi, sasa hivi atasema. Kijana wetu alikuwa pembeni anarusha moja kwa moja mtandaoni. Nikaamua kutosema. Nilipima mchele, nikafunga, nikaonyesha bei kwa vidole, nikatikisa kichwa, siku nzima, mdomo umefungwa. Mteja mmoja mwanamke, mtu mzima kama mimi, ndiye pekee aliyeninong'oneza, tena kwa Kisukuma, kwamba nivumilie. Nilitaka kumshukuru lakini niliogopa hata hilo lingerushwa.

Ule ukimya wangu nao uliwekwa kwenye ukurasa. "Mama Halufu kanuna leo, mnadhani nani kamuudhi?" Binti yangu aliniambia watu waliandika kuliko siku zote.

Baada ya hapo nikahamishwa kutoka kaunta kwenda nyuma, kuchambua mchele na kutoa mawe. Waliniambia ni kwa ajili ya kunipumzisha. Nikiwa huko nikasikia kwamba wameleta mwigizaji kutoka Dar es Salaam, msichana anayechekesha watu. Alikuja na kitenge kama changu na kitambaa kama changu. Nilimwona kwa mlango wa stoo wakati wanapiga video. Kati ya video na video aliongea na simu yake, na kila r ilitoka safi, inazunguka mdomoni kama haina kazi nyingine. Halafu kijana akampa ishara, akajishika kiuno kama ninavyojishika, akasema kalibuni. Wafanyakazi wenzangu niliokula nao mchana miaka yote wakacheka mpaka wakajiinamia. Nikaweka ungo chini, nikatoka kwa mlango wa nyuma, na sikurudi hata kuchukua viatu vyangu vya kazi.

Binti yangu amemaliza chuo. Shangazi yake alitubeba mwaka ule wa mwisho. Mimi nauza mboga na nyanya karibu na nyumbani, ambako majirani wengi wanaongea kama mimi na hakuna anayesikiliza. Kanisani sisomi tena. Mchungaji alinifuata nyumbani kuuliza kwa nini, nikasingizia macho. Ukurasa wa mchele, nasikia, unaendelea vizuri. Kijana amechukuliwa na kampuni kubwa zaidi, na mimi natumaini siku moja atazeeka mahali ambapo watu wanaijua kasoro yake.

Mwezi uliopita niliingia duka moja kununua betri za redio. Muuzaji alikuwa mtu mgeni kwangu, mchangamfu. Niliposema ninachotaka alisimama, akanitazama, akacheka kwa furaha ya kweli kabisa.

"Mama, unamuiga vizuri yule dada wa mchele," alisema. "Hebu sema tena."

Nikamwonyesha betri kwa kidole.