Mtu wa Kushika Kazi Yangu

Mimi semina siziamini. Kampuni haikupi chai na mandazi bure. Kwa hivyo siku tulipokusanywa katika ukumbi mmoja wa Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tufundishwe uongozi, nilikaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Mwalimu mwenye tai alitaka kila msimamizi aandike jina la mfanyakazi anayeweza kushika kazi yake. Mume wangu aliwahi kuambiwa amfundishe kazi mgeni, kule kiwandani Athi River. Mwezi ulipoisha, mgeni alibaki kazini, mume wangu akapewa barua ya kuachishwa. Nikaacha karatasi tupu. Meneja wa shamba letu la maua akanijazia mwenyewe: mkataji mmoja wa mawaridi, mama wa watoto wawili kutoka Oltepesi, mchapakazi na mpole. Huo upole ndio ulionitia wasiwasi zaidi.

Nilipewa mwezi mmoja wa kumfundisha, kisha niende likizo ya wiki moja, yeye asimamie. Si ndivyo wanavyoanza? Nilimwonyesha zamu, dawa, ndoo za maji. Kila alipouliza swali, nilijiuliza nani amemtuma. Jambo moja nikalificha. Jua likiwa kali, mawaridi ya manjano hukatwa yakiwa yamefumba kabisa, la sivyo hufunguka sandukuni kabla ya kumfikia mnunuzi. Hilo halikuandikwa popote. Lilikuwa kichwani mwangu, nikaona likae huko huko.

Wiki ya likizo nilifua mapazia na kungoja. Niliporudi, masanduku yote ya maua ya manjano yalikuwa yamekataliwa. Nakiri nilifurahi.

Meneja akatuita sote wawili ofisini.

"Hii ya manjano ulimwonyesha?" akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, yule mama akajibu, "Alinionyesha. Ni mimi nilisahau."

Alijua vizuri sikumwonyesha. Hata hakunitazama. Meneja akamwambia arudi kukata maua, mimi nibaki.

"Tuko na shamba mpya inaanza Kajiado," akasema. "Nilitaka uende ukuwe meneja huko. Sasa hapa nitaachia nani? Wacha tu ukae."

Kupitia dirishani nilimwona yule mama akielekea kwenye mistari ya maua, akifunga leso yake upya. Ningesema ukweli wakati ule, angeitwa arudi. Lakini nilimtazama meneja usoni, nikawaza: na kama hiyo Kajiado ni mtego wa kunifanya nikiri?

"Sawa, bosi," nikasema.

Hakukuwa na mtego. Kajiado alipelekwa mtu mwingine. Yule mama nilimsimamia miaka minne zaidi, na kila asubuhi aliponisalimu kwa Kimaasai, "Supa, madam," niliona haya, nikajifanya nahesabu ndoo.