Karanga Mia Mbili kwa Neno la Kufufua

Karanga zilizonyeshewa zina harufu yake. Si ya udongo peke yake wala si ya uvundo. Ni kitu cha katikati, kizito, chenye utamu kidogo, kinachong'ang'ania kwenye nguo na nywele hata ukioga. Kwetu Misunkumilo, Mpanda, mvua za mwisho zilikuwa na tabia ya kurudi wakati karanga zimekwisha ng'olewa na kuanikwa, kwa hiyo kila mwaka tulizikimbiza ndani ya ghala, chumba cha tofali mbichi nyuma ya nyumba, chenye dirisha dogo kuliko uso wa mtu. Humo ndimo mimi na mdogo wangu Deo tulimokaa kila siku baada ya shule, tukimenya karanga mpaka vidole gumba vinawaka moto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Deo tisa.

Mwaka huo lilifika boksi kutoka kwa Shangazi Odeta. Yeye alikuwa miongoni mwa ndugu zetu, wakimbizi kutoka Burundi, waliochukuliwa kwenda kuishi ng'ambo, wakati sisi tulibaki, tukapewa uraia, tukaendelea kulima. Boksi lilijaa makoti mazito ambayo Mpanda hakuna baridi ya kuyastahili. Chini kabisa palikuwa na kitabu kisicho na jalada, kimeandikwa kwa Kiingereza, na soksi moja yenye dadu sita. Moja ya dadu hizo ilikuwa na nyuso ishirini. Deo aliigeuzageuza kama mtu aliyeokota yai la ndege asiyemjua. Nikaazima kamusi shuleni, nikaanza kukitafuna kitabu mstari kwa mstari. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi niliinama wiki mbili nzima kabla sijaelewa kwamba ulikuwa mchezo wa kusimulia: mmoja anasimulia safari, wengine ni wasafiri wenye majina na vipaji, na kila jambo la mashaka linaamuliwa na dadu. Nusu ya kitabu ilihusu uchawi. Nusu hiyo ndiyo iliyonipa shida, maana maneno yake mengi hayakuwemo kwenye kamusi ya shule.

Tulikuwa watatu. Mimi nilisimulia. Deo alikuwa shujaa mwenye shoka. Wa tatu alikuwa Nyamizi, jirani yetu, binti wa mkulima wa tumbaku, aliyelingana nami kwa umri na kunishinda kwa hesabu. Mama yake alikuwa amefariki kiangazi kilichotangulia, siku ya kujifungua. Kichanga kilipelekwa kwa bibi yake kijijini, Nyamizi akabaki na baba ambaye tangu msiba alikuwa akizungumza zaidi na mbwa kuliko na watu. Nyamizi alichagua kuwa mwenye uwezo wa uchawi, na siku ya kwanza alipopaza sauti akisema, "Mimi ni mchawi, namchoma huyo joka," Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi.

"Nyie! Humu ndani hakuna mchawi," alisema. "Mnajua neno hilo limemfanya nini bibi wa pale bondeni?"

Tulijua. Bibi yule alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni, basi, na kwa macho hayo alifukuzwa mtaani. Mama hakutukataza mchezo. Alitukataza neno. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ilitoka kwake: uchawi wetu utaitwa Neno, na mwenye nao ataitwa msemaji. Deo aliiandika kwenye daftari la sayansi, kurasa za nyuma.

Sheria nyingine tulizitafuta wenyewe, kwani kitabu kilisema mengi nami nilielewa machache. Neno lina gharama, hilo nililiona wazi, lakini gharama gani? Tukaamua karanga. Kila msemaji anaanza siku na karanga thelathini zilizomenywa. Neno la kuwasha moto ni tano, la kufungua mlango ni nane, na zikishatumika zinarudi kwenye debe la Mama. Deo naye akajaribu kuwa msemaji, akala mtaji wake kabla joka halijatokea, tukaandika: aliyekula karanga zake amekula nguvu zake. Kisha kukazuka ubishi, je, Neno la moto linaweza kuchoma nyasi zilizolowa? Nyamizi alisema hapana. Deo alisema Neno ni Neno. Tuliacha karanga, tukatoka na kiberiti mvua ilipopumzika, tukajaribu kwenye paa la banda la kuku. Nyasi za juu zilikataa kabisa. Za chini, zilizokingwa na mvua, zilikubali haraka kuliko tulivyotarajia, na ilibidi maji ya kunywa ya kuku yatumike. Tulichapwa wote watatu, halafu tukaandika sheria tukiwa bado tunafuta machozi: moto wa Neno unahitaji kitu kikavu.

Sheria iliyofuata ilitugombanisha. Deo alitumia Neno kumlazimisha msemaji wa Nyamizi acheze ngoma mbele ya majambazi. Nyamizi aliweka dadu chini, akaondoka, na hakurudi siku mbili. Aliporudi alisema maneno machache tu: "Sitaki mtu anifanye nisichotaka, hata kwa mchezo." Tukaona ana haki. Deo aliandika kwa herufi kubwa: NENO HALIMWINGII ASIYEKUBALI.

Mwishoni mwa Machi nilifika kwenye ukurasa uliokuwa na picha ya mtu akiinuka kitandani. Nilitafuta neno moja moja. Nilipopata maana, nikawasomea bila kufikiri: kuna Neno la kufufua aliyekufa. Deo alishangilia. Nyamizi alirudisha dadu kwenye soksi. Alipokuwa anaondoka ndipo aliponiuliza, akiangalia viatu vyake, "Hilo ni karanga ngapi?"

Kitabu kilitaka vito vya thamani. Nikasema namba kubwa iliyonijia kichwani: mia mbili.

Kwa siku nyingi baada ya hapo msemaji wake hakutamka Neno hata moja. Alipigana na majambazi kwa fimbo, akaanguka mtoni, akakosa kila mlango uliofungwa, na karanga zake zote alizitia kwenye kopo la maziwa aliloliacha kwetu. Nilijua anachokusanyia. Nilitaka sana kujua kitakachotokea, na udadisi huo ulikuwa mkubwa kuliko huruma yangu; leo naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku kopo lilipofika mia mbili, mvua ilikuwa inapiga bati za nyumba kubwa na Mama alikuwa barazani, hatua chache kutoka kwetu, akipepeta mchele. Nyamizi alizimwaga karanga katikati yetu. Nikamwambia dadu itoe kumi na tano au zaidi. Ilitoa kumi na nane.

Kwa sheria zetu mfu alipaswa kukubali, na msimulizi ndiye aliyekuwa sauti ya kila mtu asiyekuwepo. Yaani mimi. Nilipaswa kufungua mdomo na kuwa mama yake Nyamizi.

"Sema ndiyo," Deo alininong'oneza.

Nilijaribu. Nilikumbuka kitenge chake cha kijani, nikakumbuka kucheka kwake, lakini sauti haikuja. "Siwezi," nikasema. "Sijui angesemaje."

Ungo ulinyamaza barazani. Mama aliingia, akatuangalia, akaangalia rundo la karanga. Nilijiandaa kwa kipigo.

"Mnamfufua nani?"

"Mama yangu," alisema Nyamizi.

Mama alikaa juu ya gunia. Akasema, "Siku ile nilimsindikiza mimi hospitali. Hukuambiwa?"

Nyamizi alitikisa kichwa. Hakuna aliyemwambia chochote. Watu wazima walimwambia avumilie, wakamkatia ugali mkubwa kuliko wa wengine. Mama akaanza kusimulia, taratibu, akichanganya Kiswahili na Kirundi kama alivyofanya akiguswa. Kwamba njiani mama yake aliwaza nguo zilizoachwa kwenye kamba. Kwamba alimwona mtoto, akamgusa sikio, akasema, "La dada yake hili." Nyamizi aliuliza kama aliumia sana. Mama alisema ndiyo, kisha akasema haikuwa muda mrefu. Aliuliza nani alimfunga macho. Mama alisema, "Mimi." Maswali yalikuja moja baada ya jingine mpaka mvua ikaisha, na kila moja lilijibiwa. Nyamizi alilia mwishoni tu, kidogo, kama mtu aliyetua mzigo na kuhisi mabega yanauma.

Siku iliyofuata tuliandika sheria yetu ya mwisho: Neno la kufufua halimrudishi mtu, ila aliyelitamka anaruhusiwa kuuliza, na aliyemjua marehemu lazima ajibu. Deo alilitumia wiki hiyo hiyo kwa marehemu babu yetu aliyevuka kutoka Burundi kwa miguu, na Mama, ambaye hakuwahi kuzigusa habari hizo, alijibu mpaka chakula kikapoa.

Leo Deo anafanya kazi Sitalike na ana watoto wawili. Nyamizi yuko Mwese, analima maharage, na nikimpigia tunazungumzia bei na watoto. Nilipowatembelea kina Deo mwezi uliopita, wanawe walikuwa sebuleni, kila mmoja na simu, wakirusha moto na barafu kwa kidole. Niliwauliza nani aliamua moto ugharimu pointi kumi. "Gemu yenyewe, shangazi," mkubwa akanijibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Wanajua Kiingereza kuliko nilivyojua mimi, na dunia yao ni pana kuliko dirisha la ghala letu, siwaonei huruma. Lakini walikuwa wamekwisha rudisha vipokea sauti masikioni, wote wawili, na nje mama yao alikuwa akichambua mchicha. Nilisimama katikati, kati ya kochi na mlango, nikasikiliza. Hapakusikika neno, wala swali, wala jibu.