Ukuta wa Picha katika Kasino ya Jangwani

Mtu wa Tanga ana shughuli gani na jangwa? Mimi nilikuwa na kibanda changu cha picha Marshalltown, Johannesburg, nasafisha picha chakavu za watu, basi. Mwaka 2017 mteja mmoja akaniletea boksi la picha za zamani: miji midogo ya machimbo huko Kalahari, na kasino zake, mabwana na sigara zao mezani. Mama Furaha, Mkongomani anayesuka nywele mlango wa pili, alikuja kuazima mkasi, akaokota moja. Nyuma ya meza ya kamari alisimama mhudumu na sinia.

"Huyu ni papa yangu," alisema. "Alituacha Lubumbashi niko mutoto, akaenda kutafuta kazi ku migodi. Mama angali anamungoja. Mpaka leo hatuyafanya hata kilio."

Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimekwisha muda, na vizuizi vya polisi barabarani anaviogopa. Ikabidi niende mimi, nikamtafutie jibu moja tu: yu hai au amekufa?

Ijumaa jioni nilipanda basi Park Station, asubuhi nikashuka Upington. Nikapata lifti ya bakkie, pikapu ya huko. Dereva aliposoma jina la mji nyuma ya ile picha, alinitazama mara mbili.

"Eish, bra, kule hakuna watu."

Alinishusha njia panda, akageuza gari kabla sijamaliza kumshukuru.

Saa tisa alasiri niliingia mjini kwa miguu. Nyumba hazina milango, mchanga umejaa vyumbani hadi usawa wa madirisha. Halafu nikasikia ufagio. Nasema kweli, nywele zilinisimama.

Ndani ya kasino bibi mmoja alikuwa anafagia kana kwamba wateja wako njiani. Alisema anaitwa Ouma Sanna, yaani Bibi Sanna. Ukutani kulikuwa na picha, safu kwa safu, karibu zote zimegeuzwa, zinaonyesha migongo.

"Kila mfanyakazi alipigwa picha hapa," alinieleza kwa Kiingereza. "Anayehama anaondoka na yake. Anayekufa, tunaigeuza."

Mbili tu zilitutazama. Moja ni yake. Ya pili ni ya yule mhudumu wa sinia.

"Mume wangu," akasema.

"Lo, kumbe yu hai!" nikaropoka kwa Kiswahili.

"Karibu, mutoto. Uko unatoka wapi?"

Kiswahili, nyuma yangu! Nusura nitimue mbio. Mzee, yule yule wa pichani, alisimama mlangoni na ndoo ya maji. Nikamwambia yote: mkewe wa Lubumbashi bado anamngoja, na binti yake yuko Johannesburg, anataka kujua.

Akatua ndoo. Hakuuliza hata binti gani. Alikwenda ukutani, akaigeuza picha yake, akainyoosha isikae upande.

"Ukamuambie vile umeona," alisema.

Ouma Sanna alinikaribisha chai. Sikuweza kuinywa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Johannesburg. Njia nzima nilitunga uongo, na ulikuwa mzuri, lakini nilipomwona Mama Furaha ulinishinda, nikamsimulia kila kitu. Nilichojifunza ni hiki: anayengoja miaka yote hiyo hataki kubembelezwa, anataka kuambiwa.

Mama Furaha akajifunga kitenge kichwani, akampigia mama yake simu.

"Mama," alisema, "kilio tufanye leo. Papa amejizika yeye mwenyewe."