Kilemba Kwenye Meza ya Gustave

Gustave hakumpenda shemeji yake tangu mwanzo, na Élisabeth hakujisumbua kumpenda yeye. Walivumiliana kwa ajili ya Anaïs, mke wa huyu na mdogo wa yule. Élisabeth alikuwa mjane kutoka Bukavu, msusi katika saluni moja ya Point, mtaa wa bandarini Durban, mwanamke wa sauti nzito asiyejua kunong'ona. Anaïs alikulia mikononi mwake. Aliolewa na Gustave, na Gustave alipotajirika kwa kusafirisha mizigo kwa makontena, walihamia Morningside, mtaa wa matajiri, na tangu hapo dada mtu alikaribishwa kule kwa nadra, tena mara nyingi aliishia jikoni.

Kwa hiyo Anaïs alipomwalika kwenye meli ya kitalii, kutoka Durban hadi pwani ya Msumbiji na kurudi, Élisabeth alishangaa.

"Ni anniversaire yangu, siku niliyozaliwa, Yaya," Anaïs alimwambia, akimwita dada mkubwa kama wanavyoita kwao. "Nimemwambia Gustave, bila wewe siendi."

Akaeleza kwamba jioni moja kutakuwa na chakula cha mavazi rasmi: wanaume suti nyeusi, wanawake magauni marefu, hakuna kaptula, hakuna malapa, hakuna kofia.

"Na kitenge?"

"Iko sawa. Wanasema mavazi ya kwenu yanaruhusiwa."

Élisabeth alinunua kitenge cha bluu chenye maua ya njano, akashonesha nguo mbili za kufanana, yake na ya mdogo wake, kama ndugu wanavyovaa siku ya sherehe. Anaïs aliijaribu yake mbele ya kioo cha saluni, akazunguka, akacheka. Wakakubaliana kuzivaa jioni hiyo.

Siku ilipofika, Élisabeth alitangulia mlangoni mwa ukumbi wa chakula, kilemba kimesimama vizuri kichwani. Mhudumu wa mlangoni, Mfilipino mwenye glavu nyeupe, alimwambia amependeza. Kisha lifti ikafunguka. Gustave alitoka na tai yake ya kipepeo, akifuatwa na wafanyabiashara wawili aliokuwa akiwabembeleza waingie naye ubia, na wake zao. Mwisho akatoka Anaïs, ndani ya gauni jeusi lililoacha mabega wazi.

Élisabeth alilitazama lile gauni, kisha akamtazama mdogo wake usoni. Anaïs alikuwa anatazama zulia.

Gustave alimsogelea akitabasamu, ili wageni wake wadhani anamsalimia. "Toa hicho kitu kichwani," akasema kwa Kiswahili. "Hukusoma? Hakuna kofia."

"Hii si kofia."

"Na hapa si sokoni, Élisabeth."

Élisabeth alimgeukia mhudumu, akamwuliza kwa Kiingereza kama kilemba chake kinavunja kanuni. Mhudumu akasema hapana, karibu sana.

"Hiyo ni kanuni ya meli," Gustave akasema. "Kwenye meza yangu hapana."

"Basi baki na meza yako."

Akaomba nafasi nyingine, akapewa meza ndogo kando ya nguzo, mahali ambapo Gustave hangeweza kuinua uma bila kumwona. Akaagiza supu, akaagiza samaki, akala polepole, mgongo wima. Ndani alikuwa anawaka. Gustave alimjua, hakutegemea lolote kwake. Lililomchoma ni lile gauni.

Samaki alikuwa bado nusu Gustave alipokuja kumsimamia.

"Watu wanauliza wewe ni nani. Unatuaibisha. Nenda chumbani."

Élisabeth akaweka kisu chini. "Gustave," akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi, "siku ulipokuja kumposa Anaïs, ulivaa shati la nani?"

"Nyamaza."

"La Baudouin, marehemu mume wangu! Mimi mwenyewe nililipiga pasi, kwa sababu ulikuja na fulana imetoboka kwapani. Leo unanifundisha kuvaa?"

Wageni hawakuelewa neno hata moja, lakini waliacha kula. Gustave alibaki amesimama, shingo imemvimba juu ya ile tai. Ndipo Anaïs akainuka. Élisabeth alimwona akija, na kwa kitambo kidogo alidhani anakuja kukaa naye.

"Yaya, toka," Anaïs akasema. "Umeniharibia siku. Toka."

"Namaliza samaki yangu kwanza."

Akammaliza. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Kisha akapita kando ya meza yao bila kuaga mtu.

Abiria waliposhushwa ufukweni Msumbiji, yeye alibaki melini. Na siku waliyorudi Durban, Anaïs alipanda gari la mumewe bila kugeuka. Élisabeth alivuta sanduku lake kwa miguu hadi Point, akaenda kazini.

Miezi ikapita kimya; kwamba Anaïs amejifungua, Élisabeth alisikia kwa wateja tu. Siku moja, akiwa katikati ya kusuka, simu ikalia.

"Yaya, mtoto anabatizwa Jumapili. Uje."

"Gustave ataniomba msamaha?"

"Si unamjua Gustave."

"Na wewe?"

Upande wa pili Anaïs akapunguza sauti ya televisheni. "Mimi nilikosa nini, Yaya?"

Élisabeth alikata simu. Mteja akamwuliza kama amepata habari mbaya.

"Hapana," akajibu. "Inamisha kichwa."

Jumapili hakwenda. Alipika fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu kama kwao, akala peke yake, na hasira yake haikupungua hata kidogo.